Shanga mbili "mbaya" za Bibi

Jamani wasomaji wangu, leo tuambiane ukweli. Nani kati yetu hana kopo la urembo uliovunjika, chini ya sanduku au ndani ya ile droo ya kabati isiyofunga vizuri? Hereni moja iliyobaki mjane, cheni iliyoota kutu ya kijani, bangili iliyopasuka, na shanga kumi na kitu zinazogongana ndani ya bahasha kila ukiitikisa. Ukiulizwa za nini, unajibu haraka haraka, "Aah, takataka tu hizo." Haya, mtu athubutu kukutupia. Patachimbika!

Dhahabu ina adabu yake. Ikikatika unaipeleka kwa sonara, anaipima, anakutajia bei, na ukitaka anaiyeyusha anakutengenezea nyingine. Hata ndugu wakiigombea, ugomvi wao una mizani: gramu ngapi, shilingi ngapi, gawaneni mwende zenu. Lakini kidani cha shanga za kioo, ambacho ukikipeleka sokoni hupati hata nauli ya kurudi, utakigawaje? Mimi nimeshuhudia kwamba kitu kisicho na bei ndicho kinachotikisa ukoo. Hapo hakuna anayegombea mali, kila mtu anagombea mama yake.

Nayasema haya kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kijiwe changu kipo Isevya, hapa hapa Tabora mjini. Nina meza moja, taa moja, koleo ndogo mbili, sindano, na vikopo visivyo na idadi. Kinadada wa kichen pati wananijua. Mkufu wa bandia uliokatika saa mbili kabla ya shughuli, mimi ndiye daktari wake. Nimetengeneza vya watu wengi nikalala usingizi. Vya kwetu ndivyo vilivyonikosesha.

KOPO LA MAZIWA

Bibi yangu, mama yake baba, alifariki mwaka 2019. Aliacha nyumba, miembe miwili, na kopo la maziwa ya watoto lenye shanga ndani. Enzi za uhai wake alizivaa siku za Idi na kwenye harusi za wanawe, basi. Uzi ulipooza alizikusanya zote, akazitia kopoani, akasema atazitunga mwenyewe akipata nafasi. Nafasi haikupatikana.

Nyumba iligawiwa kwa utaratibu wa mirathi, kila mtu akajua fungu lake. Kopo hakuna aliyelitaja. Shangazi mkubwa alilitia mkobani, na miaka ikapita kimya. Mwaka jana binti wa Shangazi mdogo akachumbiwa, mwee! Ghafla kila mtu akakumbuka kopo. Shangazi mdogo akasema mwanawe atavaa shanga za mama siku ya kichen pati. Shangazi mkubwa akajibu kwamba kifungua mimba wa huyo mama ni yeye, na hajaombwa. Simu zikapigwa kutoka Nzega, zikapigwa kutoka Dar, kila mmoja ananieleza yake halafu ananiambia nisimwambie mwenzake. Mwisho wakakubaliana jambo moja tu: kopo lije kwangu nizitunge, halafu ugomvi uendelee shanga zikiwa kwenye uzi.

Shangazi mkubwa alilileta mwenyewe. Aliketi, akanywa chai, akatoa masharti kwa vidole. La kwanza, ziwake kama mpya. La pili, zilizopungua nijazie za Kariakoo, mradi rangi ishabihiane. La tatu, akaingiza vidole kopoani akatoa shanga mbili kama mtu anayetoa mende kwenye unga. "Haya madude yatoe," akasema. "Yanaharibu."

Kusema kweli hazikuwa na sura. Zilikuwa kubwa, za bluu, kila moja kama yai la njiwa, uso umeparuza na moja ina ufa. Kati ya zile nyekundu ndogo ndogo zilikuwa kama malori mawili yaliyokwama katikati ya baiskeli za watu wanaotoka sokoni. Nikajibu, "Sawa Shangazi, acha kwanza nizioshe."

KUOSHA SI KUKWARUZA

Kwa faida ya wenye makopo yenu, nieleze kidogo. Kwanza hesabu na piga picha, ndugu wasije wakasema umezichomoa. Zetu zilikuwa nyekundu 312, nyeupe 40, na zile kubwa 2. Tandika taulo mezani ili zisiviringike. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya kawaida, mswaki laini wa mtoto. Usitie dawa ya madoa, usitie spiriti, na wale wa dawa ya meno naomba mnisikilize: dawa ya meno inang'arisha kwa kukwaruza. Leo inang'aa, kesho imekwisha. Lulu za bandia ndizo zinazoumia zaidi, maana uzuri wao ni ngozi ya juu tu. Ikitoka unabaki na gololi.

Kujua kama ni kioo au plastiki, gusisha shanga kwenye meno. Kioo ni baridi na kina uzito, plastiki ni nyepesi na haina ubaridi. Kisha ielekeze kwenye taa uchungulie tundu.

Nilipochungulia tundu la nyekundu moja, niliweka kikombe changu cha chai chini. Nje ilikuwa nyekundu ya kuiva, lakini ndani, kuzunguka tundu, ilikuwa nyeupe pee kama jino. Nikachungulia ya pili, ya tatu, ya kumi. Zote hivyo hivyo.

KIVUNJA MJI

Shanga ya namna hiyo ina historia ndefu kuliko reli ya kati. Mafundi wake walikuwa wa Venice, kule Italia, ambao tanuri zao za kioo zilihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291. Kioo chekundu kizuri kilikuwa ghali kukitengeneza, kwa hiyo walikipaka chembamba juu ya kioo cheupe. Ule weupe wa ndani ndio unaosukuma wekundu uonekane. Zikipakiwa merikebuni zilifika Unguja, zikavushwa Bagamoyo, na toka hapo zikasafiri vichwani na mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, miezi mitatu au zaidi kwa miguu hadi huku kwetu.

Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze, ndiyo Tabora hii, mwezi Novemba 1857, aliziorodhesha aina za shanga za msafara katika kitabu chake cha mwaka 1860. Hizi nyekundu ziliitwa samesame. Zilikuwa pia na majina ya utani: moja maana yake ni kimaliza chakula, jingine ni kivunja mji. Eti kwa sababu wanawake walizipenda mpaka kupita kiasi! Sasa wenzangu, hebu pimeni wenyewe. Wanaume waliotembea toka pwani hadi ziwani kufuata pembe za ndovu na watu wa kuuza hawakuitwa wavunja miji. Aliyetaka kidani ndiye aliyebebeshwa jina. Mambo haya hayakuanza leo.

Nilimpigia Shangazi mdogo nikamsimulia. Alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe mama alivaa kivunja mji! Ndo maana baba alikuwa hasikii la mtu."

Lakini shanga hazikuwa pambo tu, zilikuwa fedha. Zilipimwa kwa kete, yaani uzi unaozunguka toka kidole gumba hadi kiwiko na kurudi. Kete 10 zilifanya fundo moja. Posho ya wapagazi njiani ilinunuliwa kwa nguo na shanga, kwa hiyo ndugu zangu mnaopenda semina, jueni neno hilo mmelirithi kwa watu waliobeba mizigo kichwani.

Na kama ilivyo fedha ya kila nchi, shanga ya huku haikupokelewa kule. Hapo ndipo yale madude mawili yaliponikaa rohoni.

MBILI ZISIZOENDANA

Stanley alipita Unyanyembe mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, na mwaka 1872 wawili hao walikaa pamoja katika tembe la Kwihara, kilomita chache kutoka mjini. Tembe hilo lilijengwa upya mwaka 1957, na wengi wetu tulipelekwa huko tukiwa shule ya msingi, tukakumbuka zaidi maembe ya njiani. Huyo Stanley aliandika jinsi alivyohangaika kuchagua shanga kabla ya safari. Nyeusi zilipita Ugogo, lakini kwingine hazikuwa na thamani yoyote. Nyeupe zilitakiwa Ufipa. Na zile kubwa kama mayai, alizozitaja kwa jina la sungomazi, zilithaminiwa Ujiji na Uguha. Penginepo pote zingekataliwa.

Uguha ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo ya leo, karibu na Kalemie.

Shanga haina mdomo, na mimi sitaki kuisingizia. Labda mpagazi alirudi nazo kutoka ziwani, labda mfanyabiashara aliziangusha. Hata hivyo niliinama juu ya meza yangu pale Isevya nikajiuliza: nani alileta Unyanyembe fedha ambayo Unyanyembe haiitaki, akaitunza mpaka kufa, na waliomfuata wakaitunza mpaka leo?

Nyumbani kwetu siku zote jibu lilikuwa moja: sisi ni wa hapa hapa. Nilipokuwa darasa la nne niliagizwa shuleni niulize kabila la bibi. Mmoja akaniambia Mnyamwezi. Mwingine akasema, "Andika Mnyamwezi, lakini ana Umanyema kidogo." Bibi mwenyewe nilipomuuliza aliniambia, "Kula ugali wako."

Watu wa Tabora mnanielewa. Kuna swali linaloulizwa wakati wa posa, usiku, wazee wakiwa wamebaki peke yao: huyu asili yake ni wapi? Halitajwi neno baya hata moja, lakini kila aliyeketi pale anajua kinachoulizwa.

HAKUJA

Mdogo wake Bibi yu hai, anaishi Ng'ambo. Sisi tunamwita Bibi mdogo, ingawa umri wake umeshatupita wote. Macho yamepungua nguvu, kumbukumbu bado ipo. Nilizifunga shanga kwenye taulo, nikaziweka juu ya sinia, nikamfuata Jumapili asubuhi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeniletea nini, au umekuja kunywa uji wangu?"

Nikamwekea sinia mapajani. Vidole vyake vilizipita zile nyekundu zote, vivunja mji 312, kama mtu anayepita mchele kutafuta kijiwe. Vikasimama kwenye zile mbili. Akazishika, akazisugua kwa kidole gumba kwa muda mrefu.

"Hizi ndizo zake," akasema.

"Za Bibi?"

"Za bibi yetu sisi. Hizo nyekundu alinunua mwenyewe ukubwani, kete kwa kete, kwa pesa ya chumvi aliyokuwa akiuza. Alikuwa hapendi kuonekana maskini. Lakini hizi mbili alikuja nazo." Akanyamaza, kisha akajisahihisha. "Hakuja. Aliletwa."

Nilikuwa na kikombe cha uji mkononi. Sikukinywa.

Bibi mdogo hakujua mwaka, na aliyoyajua yalikuwa machache. Alikuwa mtoto mdogo. Alitoka ng'ambo ya ziwa. Shanga hizo mbili zilikuwa shingoni kwenye kamba ya gome la mti, amefungwa na mama yake. Nani aliyemchukua, hakuwahi kusema, au alisema kwa watu ambao sasa hawapo. Kitu kimoja tu alikisema mara nyingi, tena kwa kucheka: kwamba njia nzima walimnyang'anya kila kitu isipokuwa zile shanga, kwa sababu upande huu hakuna aliyezitaka.

Mimi niliyesoma kwamba zilikataliwa, na yeye asiyesoma hata herufi moja ya Stanley, tulikuwa tunasema jambo moja. Ubaya wa shanga zile ndio uliomwachia mtoto kitu cha mama yake.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini huku bara mambo yaliendelea. Utumwa ulikomeshwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Yaani ukihesabu vizazi vyetu, si mbali. Bibi yangu alimwona mwanamke yule kwa macho yake, akapakatwa naye, akalishwa naye. Mimi nimelishwa na Bibi.

"UNADHANI SIJUI?"

Niliwaita wahusika kwangu: Shangazi mkubwa, Shangazi mdogo na bibi harusi mtarajiwa. Nikasema niliyoambiwa. Nikasema pia kwamba mimi kama fundi sitaki kuzitoa zile mbili.

Shangazi mdogo aliziba mdomo kwa kanga. Hakuwa amewahi kusikia. Shangazi mkubwa hakushtuka hata kidogo, na hapo ndipo nilipoelewa.

"Unadhani sijui?" akaniuliza. "Nilijua kabla baba yako hajazaliwa. Nilikuwa na miaka tisa, tukagombana na msichana mmoja bombani kwa sababu ya ndoo. Akaniita mtoto wa mtumwa, mbele za watu. Nikarudi nyumbani nalia. Mama akanifuta uso, akanionyesha zile mbili, akaniambia ni kweli, na akaniambia nisiseme tena mpaka nife. Sasa wewe na taa yako hiyo unataka uzitundike mbele ya wakwe?"

Chumba kizima kimya. Nilidhani Shangazi anaona haya kwa sababu ya urembo usioendana, kumbe miaka yote alikuwa analinda mlango. Siwezi kumwita mjinga mtu aliyetukanwa bombani akiwa na miaka tisa. Wala mtu asiniambie siku hizi hakuna anayejali. Wapo.

Lakini nilikuwa na la kusema, nikalisema kwa adabu. Njia ile ya misafara, kilomita zipatazo 1,200 toka Bagamoyo hadi Ujiji, Tanzania iliiingiza mwaka 2006 katika orodha ya awali ya UNESCO, kwa jina lake kamili la biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Taifa linataja hadharani, mbele ya dunia nzima, na wageni wanakuja kupiga picha miembe. Iweje aliyepita njia hiyo kwa miguu, akiwa mtoto, asitajwe ndani ya nyumba ya wajukuu zake? Aibu ni ya aliyemchukua.

"Maneno mazuri," akasema Shangazi. "Wewe hujachumbiwa."

Hapo alinipata, nikakubali.

Aliyetusaidia ni bibi harusi, ambaye muda wote alikuwa amekaa mkekani anazichezea shanga kwenye sinia. Alisema taratibu, "Mama mkubwa, mimi si lazima nimwambie mtu. Lakini nikivaa zile alizonunua na kuacha alizoletwa nazo, nitakuwa nimemvaa nusu."

Shangazi mkubwa aliangalia dirishani kwa muda. Mwishowe akasema, "Basi ziweke nyuma. Kisogoni. Kwenye ngozi." Akachukua mkoba wake akaondoka bila kumaliza chai.

FUNDO

Sasa kazi. Wengi wanatungia uzi wa mshipi wa kuvulia samaki kwa sababu ni wa bei poa na unaonekana imara. Ni mgumu, fundo lake linateleza, na ukizeeka unakatika ghafla. Tundu la shanga ya kioo lina ukingo mkali kama wembe, na ndio unaokata uzi miaka yote. Mimi hutumia uzi wa nailoni uliosukwa, nikaupaka nta ya nyuki ili usisagike. Nta hapa kwetu si shida. Tabora ukikosa asali na nta umekosa nini tena?

Nyekundu nilizipigia fundo kila baada ya shanga 10. Uzi ukikatika zitatawanyika kumi tu, hazitamwagika ukumbi mzima. Wazee nao walihesabu fundo kwa kumi, kwa hiyo nilijisikia kama nimewauliza. Zile mbili za bluu nilizipigia fundo huku na huku, zisigongane. Ufa sikuutia gundi, maana gundi hugeuka njano, halafu ufa unaonekana mara mbili. Kishikizo cha shaba nilikisugua kwa limau, nikakisuuza, nikakikausha kabisa kabla ya kukitia kwenye uzi.

Za Kariakoo sikuongeza hata moja. Kidani kilikuwa kifupi, nikaunga cheni fupi nyuma kikatosha. Shangazi mkubwa alipokiona alisema, "Hazing'ai." Nikamwambia, "Zimeng'aa kadiri ya umri wake, Shangazi." Akaguna. Guno lake nalijua, halikuwa la hasira.

Siku ya kichen pati kinamama walizisifia zile nyekundu mpaka tukachoka kujibu. Mmoja akauliza zinauzwa wapi. Zile za nyuma hakuna aliyeziuliza. Bibi harusi aliniambia baadaye kwamba alizisikia usiku kucha, nzito na baridi mwanzoni, halafu zikapata joto lake, akasahau kama amezivaa.

Makubaliano ya sasa ni kwamba shanga zinazunguka, kila tawi la ukoo mwaka mmoja, na kila mwaka zinapitia kwangu niangalie uzi. Ndani ya kopo nimeweka karatasi. Nimeandika idadi, mwaka niliozitunga, na mistari miwili. Nyekundu: alinunua mwenyewe. Bluu: aliletwa nazo.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya Shangazi mkubwa. Alipokuja kuzichukua alifungua kopo, akavaa miwani, akaisoma ile karatasi akiwa amesimama. Akaniomba kalamu. Nikampa, moyoni nikijua anakwenda kuifuta. Alipiga goti kwenye kona ya meza yangu akaandika neno moja, polepole, kwa ule mwandiko wa shule za zamani. Likawa jina. Jina la yule mtoto. Bibi alimtajia yeye peke yake, siku ile ya bombani, na tangu hapo hakuwa amelitamka kwa mtu.

Sitaliandika hapa, wasomaji wangu mtanisamehe. Ni la nyumbani, na ndo kwanza limerudi.

Kwa hiyo wewe mwenye kopo chini ya sanduku, usiniletee mimi kwanza, hata kama nitakosa mshiko wa wiki. Liweke mapajani mwa mkubwa kuliko wote kwenu, wakati bado anasikia na bado anakumbuka. Zile zinazopendeza usiulize sana, zinajieleza. Muulize hizo ambazo mlitaka kuzitoa.